Masaji ya Kithai kwa wanaokaa ofisini kutwa

Mhasibu au karani wa Arusha anayeinamia kompyuta tangu asubuhi hukaza misuli ya kiuno na mapaja, na hapo ndipo masaji ya Kithai, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2019 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, inapomfaa: hukandwa akiwa amevaa nguo pana, bila mafuta, juu ya godoro jembamba sakafuni.

Mlaze mwenzako kifudifudi, piga magoti kando yake, kisha weka viganja kwenye misuli iliyo pande mbili za uti wa mgongo, kamwe si juu ya mifupa yenyewe. Nyoosha mikono, umwegemee polepole kwa uzito wa mwili wako anapotoa pumzi, tulia kidogo, legeza, halafu sogea kutoka kiunoni kuelekea mabegani. Usiharakishe, hasa katika baridi ya Julai. Akikunja uso au kubana pumzi, umezidisha nguvu.

Kisha mgeuze chali, ulisukume goti moja moja kuelekea kifuani.

Mwenye ganzi miguuni, homa au mifupa dhaifu, au anayeshindwa kuzuia haja, asikandwe kabla ya kumwona daktari.