Somo: Kujiandaa Kabla ya Kutafuta Ujauzito

Wanawake wengi hufika kliniki mimba ikiwa imeshapita miezi mitatu, ilhali mfumo unaounda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati ambao mama mara nyingi hajajua kuwa ni mjamzito. Ndiyo maana nawasihi wanaopanga kupata mtoto waanze maandalizi miezi mitatu kabla.

Hatua ya kwanza: foliki asidi, yaani vitamini B9. Meza mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba hadi itimize wiki 12, kwani upungufu wake huchangia watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kisamvu, mchicha na maharage vina foliki, lakini mboga ikichemshwa muda mrefu hupoteza sehemu kubwa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani uongezwe virutubishi. Sembe au dona tunayosaga mashine ya mtaani kwa kawaida haina nyongeza hiyo, kwa hiyo usitegemee chakula peke yake. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au mwenye kisukari au kifafa, amwone daktari, kwa kuwa huenda akahitaji miligramu 5.

Hatua ya pili: pimeni wote wawili. Pimeni VVU, kaswende na sikoseli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi). Mama aongeze vipimo vya wingi wa damu, kundi la damu, presha na sukari. La sikoseli nalisisitiza, maana mwenye kubeba kinasaba kimoja huonekana mzima kabisa, lakini wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Hatua ya tatu: dawa. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, hudhuru mtoto tumboni. Usiziache ghafla, omba daktari akubadilishie mapema.

Hatua ya nne: baba. Aache sigara na pombe sasa, kwani mbegu zake huchukua takriban miezi mitatu kukomaa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo nesi. Nimeacha sindano ya miezi mitatu na siku zangu hazijarudi. Je, kizazi kimeharibika?*

Marahaba mwanangu. Hakijaharibika. Sindano hiyo huchelewesha, na inaweza kuchukua miezi 10 au zaidi tangu uchome ya mwisho. Ila pima mimba kwanza, kwa sababu yai linaweza kupevuka kabla hedhi haijarudi.

*Nesi, natamani sana udongo wa pemba. Niendelee?*

Acha, mdogo wangu, kisha kapime wingi wa damu. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huzuia mwili kuyafyonza.

*Tusubiri muda gani kabla ya kumwona daktari?*

Mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga. Mama akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi sita. Nendeni pamoja, kwa sababu baba naye atahitaji kupimwa mbegu.