Kumrudisha ulingoni bondia wa uzito wa juu aliyepoteza mkanda

Kijana wangu alipopoteza mkanda wa ubingwa kwa KO (kuangushwa asiweze kuendelea), kazi ya kwanza niliyompa ni kupumzisha kichwa. Miezi 3 hakupigwa ngumi ya kichwa hata mazoezini, na daktari alimwona kabla hajavaa glovu tena. Hapo sina mjadala na mtu.

Kisha tukaiangalia video ya pambano lile, raundi moja moja, bila sauti. Kumbe kila akirusha mkono wa kulia, wa kushoto unashuka hadi kifuani! Nikamwekea kitambaa kati ya glovu na shavu. Kikidondoka, raundi inaanza upya. Wiki ya kwanza kilidondoka mpaka akatokwa machozi.

Uzito nao. Daraja hili linaanzia juu ya kilo 90.7 na halina kikomo, ndiyo maana wengi hujiachia. Mtazame bondia Mwingereza Anthony Joshua: Juni 2019 alipigwa na Andy Ruiz raundi ya 7 jijini New York, Desemba, Saudi Arabia, akarudiana naye akiwa mwepesi kwa kilo zaidi ya 4, akacheza kwa miguu na mkono wa kushoto, akashinda kwa pointi. Sisi tulipunguza viazi, maharage tukayabakiza.

Alfajiri tunakimbia Mwanjelwa hadi Uyole. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo anayetoka Dar aanze taratibu. Baridi ya Juni inachana misuli: rukeni kamba ndani dakika 20 kwanza, sweta mwilini.

Mpinzani wa pambano la kurudi ulingoni? Mtafutie wa kumfikisha raundi ya mwisho, si wa kuanguka mapema.