Jinsi ya kupata baa na pabu zinazompokea mbwa wako katika mji usioujua

Jirani yangu amehamia mji mgeni, na mbwa wake mkubwa amehama naye. Aliniomba nimtafutie baa chache ambapo wangeweza kukaa pamoja jioni bila kutazamwa kwa jicho baya. Kazi hii nimeizoea, nami nimeona niiandike kwa mpangilio, kwa sababu orodha nyingi za mtandaoni hazimfikishi mtu mbali. Zinakupa jina la baa na mtaa ilipo. Hazikuambii mbwa atakaa upande gani, mwisho saa ngapi, wala mvua ikinyesha itakuwaje.

Hatua ya 1: Jua sheria ya mahali

Soma kidogo kabla ya kutafuta, ili usije ukabishana na mhudumu ambaye hana mamlaka ya kubadilisha kitu.

Uingereza, sheria za usafi wa chakula hazimzuii mbwa kuingia sehemu wanapokaa wateja. Kinachotakiwa ni asifike jikoni wala mahali chakula kinapoandaliwa au kuhifadhiwa. Uamuzi wa ukumbini ni wa mwenye baa, ndiyo maana kampuni mbili kubwa zinaweza kutofautiana kabisa: baa za JD Wetherspoon hazipokei mbwa isipokuwa wale wanaowasaidia watu wenye ulemavu, ilhali BrewDog inajulikana kwa kuwakaribisha. Umoja wa Ulaya nao, kupitia kanuni namba 852 ya mwaka 2004, unasisitiza wanyama wasifike panaposhughulikiwa chakula. Hispania imeenda mbele zaidi: kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2023, baa isiyopokea wanyama inapaswa kuweka alama inayoonekana kutoka nje.

Marekani mambo ni magumu zaidi. Ndani ya mahali panapouza chakula, kwa kawaida mbwa haruhusiwi. Nje hutegemea jimbo na mji. California, tangu tarehe 1 Januari 2015, baa inaweza kumruhusu mbwa kwenye eneo la nje mradi afike hapo bila kupita ndani, awe kwenye kamba au kwenye kikapu cha kubebea, na asipande kitini. Likumbuke sharti hilo la kutopita ndani, maana tutalirudia kwenye simu.

Mbwa wanaoongoza wasioona na wale wanaosaidia watu wenye ulemavu wana haki yao ya kisheria, Uingereza kwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 na Marekani kwa sheria ya walemavu ya mwaka 1990. Usimvalishe mbwa wako fulana ya mbwa msaidizi ili upite mlangoni. Anayeumia ni mtu asiyeweza kutoka nyumbani bila mbwa wake, ambaye kesho atahojiwa mlango uleule kwa sababu yako.

Hatua ya 2: Anza na ramani, si na orodha

Makala za "baa kumi bora za kwenda na mbwa" mimi sizitumii. Nyingi hunakiliana, hazina tarehe, na baa nusu yake huenda zimeshabadili mwenyewe.

Ninachokipenda ni OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004. Kila mahali kwenye ramani hiyo panaweza kuwekewa lebo, na mbwa ana lebo yake. Thamani yake huwa yes, no au leashed, yaani ruhusa ipo mradi awe kwenye kamba. Fungua tovuti ya Overpass Turbo, inayotafuta lebo ndani ya ramani hiyo, sogeza ramani hadi mji unaoutaka, bonyeza kitufe cha Wizard, kisha andika:

amenity=pub and dog=*

Endesha, na nukta zitatokea. Gusa kila nukta usome kilichoandikwa. Rudia ukiweka bar badala ya pub, halafu cafe, halafu biergarten, kwa sababu bustani za bia ni sehemu nzuri sana kwa mbwa na hazitokei ukitafuta pub peke yake. Miji mingine itakujaza nukta, mingine haina hata moja. Kukosekana kwa nukta hakumaanishi mbwa amekatazwa. Maana yake hakuna aliyekwisha kuandika.

Kisha nenda Google Maps. Kwenye maelezo ya baa, sehemu ya wanyama, wakati mwingine wametenganisha ndani na nje. Ichukulie kama fununu tu.

Njia nyingine ninayoitegemea haina kompyuta. Tafuta bustani au njia ya matembezi ambako watu wa mji huo hupeleka mbwa wao asubuhi, kisha angalia baa zilizo karibu. Baa ya pembeni mwa njia ya matembezi huishi kwa wateja wenye viatu vya matope na mbwa, kwa hiyo mwenyewe ameshazoea. Na ukiwa hapo, waulize wenye mbwa. Watu hawa hukwambia mpaka jina la mhudumu anayeweka biskuti za mbwa nyuma ya kaunta.

Hatua ya 3: Soma picha kabla ya kusoma maoni

Picha za wateja husema mengi. Tafuta bakuli la maji mlangoni au mbwa amelala chini ya meza, halafu angalia tarehe. Tazama pia sakafu na nafasi kati ya meza. Zulia zito ukumbi mzima, meza zimebanana na viti ni virefu vya kaunta? Hata kama wanamruhusu, mbwa mkubwa hatapata pa kulala.

Kwenye maoni, tumia kisanduku cha kutafutia ndani ya maoni na uandike neno la lugha ya mahali hapo: dog, Hund, chien, perro. Panga kuanzia mapya.

Hatua ya 4: Piga simu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu huteleza. Wanapiga, wanauliza "Mnaruhusu mbwa?", wanajibiwa "Ndiyo", wanakata. Jirani yangu alipata "ndiyo" ya aina hiyo kutoka kwa baa moja kabla hajaniomba msaada. Walipofika, "ndiyo" ilikuwa ya uani, bila paa, na mawingu yalikuwa yameshatanda. Mhudumu hakusema uongo. Aliulizwa swali fupi, akatoa jibu fupi.

Kwanza, wakati wa kupiga. Chagua alasiri ya siku ya kazi, wateja wa mchana wameshaondoka na wa jioni hawajafika. Ijumaa usiku utajibiwa na mtu anayepiga kelele kuushinda muziki, na atakwambia lolote ili arudi kwenye kazi yake. Omba kuongea na meneja au mtu wa zamu anayejua utaratibu. Usitegemee ujumbe wa mtandao wa kijamii. Ukurasa mara nyingi huendeshwa na mtu asiyekaa hapo baa.

Pili, anza kwa kumweleza mbwa wako alivyo. Ukubwa, aina yake, kama ni mmoja au wawili, kama ni mtoto. Baa nyingine zinapokea wadogo tu, nyingine zina kikomo cha mbwa wangapi kwa wakati mmoja. Taja aina yake hata kama hujaulizwa, hasa kwenye nchi zenye sheria kuhusu aina fulani za mbwa. England na Wales, kwa mfano, mbwa wa aina ya XL Bully lazima awe kwenye kamba na kifunga mdomo mahali pa umma tangu tarehe 31 Desemba 2023, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kummiliki bila cheti cha msamaha.

Tatu, uliza maswali ambayo hayajibiki kwa "ndiyo" au "hapana". Haya ndiyo ninayotumia, na mpangilio wake una sababu:

"Wateja wenye mbwa huwa wanakaa wapi?" Usiseme ndani wala nje, mwache aeleze mwenyewe. Baa nyingi, hasa pabu za Kiingereza, zina chumba cha kaunta ambako mbwa anaruhusiwa na chumba cha kulia chakula ambako haruhusiwi. Ukitaka kula, uliza kama wanaleta chakula huko kwenye upande wa mbwa. Wakati mwingine hawaleti, na utajikuta unachagua kati ya chakula chako na mbwa wako.

"Mvua ikinyesha au baridi ikizidi, mwenye mbwa anahamia wapi?" Swali hili moja lina thamani kuliko mengine yote. Baa inayowapenda mbwa ina jibu tayari. Inayowavumilia tu itanyamaza kidogo, kisha itasema "tutaona". Nikisikia "tutaona" natafuta baa nyingine.

"Tunafikaje huko?" Ikiwa mbwa anaruhusiwa nje pekee, lazima kuwe na geti la kando. Mahali ambapo sheria inakataza kupita ndani, kama California, baa isiyo na geti hilo haikufai hata ikisema karibu.

"Utaratibu unabadilika saa ngapi?" Kuna baa zinazopokea mbwa mchana, na kuanzia saa fulani ya jioni hazipokei. Nyingine hubadilisha mwisho wa wiki tu. Uliza kwa siku na saa unayokwenda kweli.

"Siku hiyo kuna muziki, mechi au sherehe?" Mbwa husikia sauti za juu ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzifikia. Spika ambayo wewe unaizoea baada ya dakika chache inaweza kumtesa muda wote. Siku ya mechi kubwa sipeleki mbwa hata kwenye baa ninayoiamini, kwa sababu ya vilio vya ghafla na glasi zinazoanguka.

"Hapo kuna mnyama mwenyeji?" Baa nyingi zina paka au mbwa wa mwenye baa anayezunguka bila kamba na kujiona mwenye nyumba. Kama wako hapatani na wenzake, au akiona paka hashikiki, ni vizuri ulijue mapema kuliko kuligundua chini ya meza ya watu.

Nne, kama unahifadhi meza, omba waandike kwenye nafasi yako kwamba unakuja na mbwa. Sisitiza hili. Meza ikihifadhiwa bila neno hilo, unaweza kupangiwa katikati ya chumba cha chakula, na anayekupokea mlangoni siyo uliyeongea naye. Andika jina la uliyeongea naye na tarehe. Ikipita miezi kadhaa, au ukisikia baa imepata meneja mpya, piga tena. Ruhusa ya mbwa ni kati ya vitu vya kwanza kubadilika.

Na kama jibu ni hapana, shukuru. Wapo wateja wenye mzio na wapo wanaoogopa mbwa, nao wanahitaji mahali pa kukaa kwa amani.

Hatua ya 5: Ziara ya kwanza iwe fupi

Nenda saa tulivu, baada ya matembezi marefu, mbwa akiwa amechoka na ameshajisaidia. Kinywaji kimoja, kisha ondokeni kabla hajachoka kukaa.

Chagua kona yenye ukuta nyuma yenu, mbali na mlango wa jikoni, njia ya chooni na njia ya wahudumu wanaobeba trei. Mimi hubeba mkeka wake wa nyumbani. Akiuona tu anajua pa kulala. Kamba fupi ya kawaida ndiyo inayofaa. Ile inayorefuka yenyewe usiilete ndani ya baa kabisa: inanasa miguu ya viti na ya watu, na mhudumu akijikwaa na sinia la glasi, ruhusa ya mbwa wote inaweza kufa siku hiyo hiyo. Ukiwa nje kwenye jua, weka mgongo wa mkono wako juu ya sakafu. Usipoweza kuvumilia, nyayo zake haziwezi pia.

Kagua chini ya meza kabla hajalala. Zabibu mbichi na kavu, chokoleti, vitunguu, karanga za makadamia na vitu vilivyotiwa zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Pombe yenyewe ni hatari hata kidogo, kwa hiyo mkatalie kwa upole lakini bila kuyumba mteja anayetaka kumwonjesha bia. Ikiwa baa inatengeneza bia yake hapo hapo, kaa mbali na mabaki ya humle, maua yanayoipa bia uchungu, kwani humle humpandisha mbwa joto la mwili kwa kiwango cha kuua. Akila kitu chochote katika hivi, mpigie daktari wa wanyama papo hapo, usingoje dalili.

Mtazame uso. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo, kuhema wakati hakuna joto, masikio kulala nyuma, kukataa biskuti anayoipenda: anaomba kutoka. Toka naye, hata kama glasi imejaa.

Hatua ya 6: Andika ulichokikuta

Fungua akaunti ya OpenStreetMap, ni bure, na uweke lebo kwenye baa uliyoikagua. Weka leashed kama kamba ni sharti, usiweke yes kwa kurahisisha. Kama ruhusa ni ya nje tu au ya mchana tu, liandike hilo kwenye sehemu ya maelezo (description) kwa sentensi moja iliyo wazi. Na baa iliyowakataa nayo iwekee no, ili anayefuata asipoteze jioni yake.