Mwongozo kwa Dereva Mgeni wa Barabara za Malindi

Kabla ya kuwasha injini, rekebisha kiti hadi mguu wako uikanyage klachi mpaka chini bila goti kunyooka kabisa, kisha vioo, kisha ufunge mkanda. Hayo yasifanywe gari likiwa mwendoni.

Ndani ya mji, ambako kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, wa kuwachunga zaidi ni waendeshaji wa tuktuk na bodaboda, ambao husimama ghafla popote abiria anapopunga mkono. Usiwafuate kwa karibu, na kabla ya kukata kona kushoto tazama kioo kisha ugeuze shingo, kwa kuwa pikipiki inayopenya ubavuni huweza kupotea kabisa kwenye kioo. Kwa maoni yangu, mwalimu angedai tabia hii hata kabla ya kufundisha kuegesha.

Ukishatoka mjini kuelekea Gede, chagua mnazi au nguzo, uhesabu tangu gari la mbele liipite: ukifika hapo kabla ya sekunde 3, umekaribia mno. Wakati wa mvua ya masika, ziwe 6. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali ambao gari husafiri likifungwa breki huongezeka takriban mara 4, jambo ambalo wanaoanza huona gumu kuliamini.

Usiku, shusha taa unapokutana na gari, na uelekeze macho ukingo wa kushoto wa barabara badala ya mwanga unaokujia. Simu ikae mbali na mkono.