Betri au altaneta? Pima kabla hujatoa hela

Nafanya kazi ya umeme wa magari Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Mwezi wa sita na wa saba, upepo ukivuma na baridi ikikaza, kila asubuhi kuna gari lililogoma kuwaka, na mwenyewe huja na jibu tayari: "Fundi, betri imekufa, nitafutie nyingine." Huwa inaniuma mtu anaponunua betri mpya kisha anarudi baada ya wiki na shida ileile, kwa sababu hakuna aliyepima. Mita ya kidijitali ya bei ya chini inatosha kukuonyesha tatizo lilipo, na vipimo vyenyewe unaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani.

Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha stata, yaani mota inayoiwasha injini. Injini ikishawaka, altaneta ndiyo inayolisha taa, redio na kompyuta ya gari, na inairudishia betri ulichochota. Kati yao kuna waya na ethi, yaani njia ya hasi inayounganisha betri na injini na bodi ya gari, na huko ndiko watu wengi hawaangalii.

Anza kwa macho na mkono. Fungua boneti ushike temino za betri, ujaribu kuzizungusha. Ikicheza hata kidogo, imelegea. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, halafu chanya, mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae. Wakati wa kurudisha, chanya inatangulia na hasi inamalizia. Tazama pia belti ya altaneta: ikiwa imepasuka au inapiga mluzi ukiwasha gari asubuhi, inateleza, na altaneta haizunguki inavyotakiwa.

Kipimo cha kwanza kifanye gari likiwa limelala usiku kucha. Weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Volti 12.6 maana yake betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo hivi, na chini ya 11.9 imeisha. Betri ina seli 6, kila moja volti 2.1 ikiwa imejaa. Kwa hiyo ukiichaji usiku mzima na ikabaki kwenye 10.5, seli moja imekufa. Hiyo usibishane nayo, badilisha.

Lakini volti nzuri haithibitishi kwamba betri ina nguvu. Mwombe mtu apige stata wewe ukiwa unatazama mita. Betri nzima haishuki chini ya 9.6 stata ikizunguka, ingawa kwenye baridi kali ivumilie kidogo. Iliyoonyesha 12.6 kisha ikadidimia mpaka 7 au 8 imechoka. Ikibaki juu ya 11 na stata inavuta kwa shida au inagonga tu bila kuzungusha, achana na betri, kagua waya, ethi na stata yenyewe.

Hapa niseme jambo la magari yanayopanda kutoka pwani. Joto ndilo linalozeesha betri, na baridi ndiyo inayoonyesha kwamba imezeeka. Kule Dar es Salaam betri iliyochoka bado inawasha gari, maana oili ni nyepesi. Ikilala usiku mmoja Makete au Njombe, oili inakuwa nzito, na betri yenyewe inapoteza karibu theluthi ya nguvu zake ikikaribia nyuzi 0. Mwenye gari anadhani imekufa ghafla usiku ule, kumbe ilianza kufa zamani.

Sasa altaneta. Kabla ya kuwasha, geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake. Taa nyekundu ya betri lazima iwepo, na injini ikiwaka izimike. Watu huishtukia ikiwaka safarini, lakini ile ambayo haiwaki kabisa ufunguo ukigeuzwa ni tatizo pia: balbu imeungua au waya mdogo wa altaneta umekatika, na kwenye magari mengi altaneta haiwezi kuanza kuchaji bila waya huo. Angalia na fyuzi zake kabla hujaigusa altaneta.

Washa gari, pima tena kwenye betri. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na wipa, kanyaga mafuta kidogo. Isishuke chini ya 13.5. Ikisoma 12.4 na kuendelea kushuka, chaji haifiki. Ikipita 15, regyuleta, kidhibiti cha volti za altaneta, imeharibika na betri inachemshwa. Ukisikia harufu ya mayai viza, zima gari, fungua boneti, na usiruhusu mtu mwenye sigara asogee, kwa sababu gesi ile inalipuka. Kwenye magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoamuru chaji, unaweza kuona 12.9 na hakuna ubovu wowote. Washa taa kubwa, subiri kidogo, pima upya kabla hujahukumu.

Tuseme umepata 13.0 na vitu vyote vimewashwa. Usikimbilie altaneta. Kuna pikapu ya kubeba viazi ililetwa kwangu ikiwa imeshabadilishiwa betri mara mbili, na mwenyewe alikuwa ameshaulizia altaneta ya mtumba. Nikapima kwenye altaneta yenyewe, bolti kubwa ya nyuma dhidi ya bodi yake: 14.3. Kwenye betri: 13.0. Volti 1.3 zilikuwa zinapotelea njiani, na altaneta haina kosa. Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye bolti ile na mwingine kwenye chanya ya betri, injini ikiwaka na taa zote zimewashwa: 0.1, nzuri. Kisha bodi ya altaneta na hasi ya betri: 1.2. Ilikuwa ethi ya injini. Kebo ilikuwa imefungwa kwenye chesisi, kwa nje inaonekana salama, chini ya bolti kutu imetafuna. Hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inaifanya stata inung'unike asubuhi. Tulisugua chuma, tukafunga kebo nene mpya, basi.

Kipimo hicho cha waya ndicho ninachokuomba usikiruke. Upande wa chanya usizidi 0.3, upande wa ethi usizidi 0.2. Kwenye magari yanayopita matope na mvua zetu, ethi huharibika mapema sana.

Halafu geuza mita kwenye volti za AC, pima kwenye betri injini ikiwaka. Ikizidi 0.5, dayodi za altaneta, zile zinazogeuza AC kuwa DC, zimekufa. Altaneta ya namna hiyo inaweza kuchaji mchana na kuinyonya betri usiku.

Kama kila kitu kiko sawa na bado betri inaisha gari likilala, tafuta kinachokula umeme. Geuza mita kwenye ampia za DC, hamisha waya wake mwekundu kwenye tundu la ampia 10, fungua hasi ya betri, uweke mita katikati ya hasi hiyo na kebo uliyoifungua. Funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. Chini ya ampia 0.05 ni kawaida. Ikizidi, chomoa fyuzi mojamoja mpaka isome chini; mara nyingi ni redio, alamu au taa ya buti. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake au mita yenyewe.

Kitu kimoja nakikataza kabisa: kuchomoa temino injini ikiwaka ili "kuona kama altaneta inachaji". Volti hupanda ghafla na kuunguza regyuleta au kompyuta ya gari, ambayo bei yake inazidi betri kwa mbali.

Betri iliyokwisha kabisa usiiachie altaneta iijaze, itaichemsha. Ichaji taratibu: ya Ah 60 (ampia-saa 60, ujazo ulioandikwa kwenye betri) ipe ampia 6 kwa kama saa kumi. Na altaneta ikithibitika ni mbovu, mwambie fundi aifungue kwanza, maana kaboni zilizoisha (brashi zinazogusa rota ndani yake) au regyuleta hubadilishwa peke yake. Ukilazimika kununua ya mtumba, ifungwe kwenye gari lako na ipimwe taa zote zikiwa zimewashwa, ndipo ulipe.