Kutengeneza masta silinda ya breki inayovuja kwenye gari la mashindano

Gari la rali au la saketi lililovuliwa busta (kile chombo kinachoongeza nguvu ya mguu) huwa na masta mbili ndogo, yaani silinda zinazosukuma mafuta ya breki, zilizofungwa sambamba kwenye fremu ya pedali, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Kati yake kuna balansi, kile chuma cha mlalo kinachogawa nguvu ya mguu kwa masta zote mbili. Maelezo haya ni ya mfumo huo. Mwenye masta ya kiwandani, ile yenye pistoni mbili zilizofuatana ndani ya silinda moja, atakuta kazi ni ileile isipokuwa pale tulipotaja tofauti.

Ukiona sakafu imelowa chini ya pedali, usikimbilie kufungua. Mafuta ya breki hutambaa, na tone linaloning'inia chini ya masta huenda limeanzia kwenye nati ya bomba sentimita kumi juu yake. Safisha eneo lote kwa spiriti ya breki, likauke, kisha zungushia tishu nyeupe sehemu tatu: pale mpira wa kopo la mafuta unapoingia kwenye masta, kwenye nati ya bomba la kutokea, na chini ya buti ya mpira ya nyuma. Kanyaga mara kumi, halafu shikilia kwa nguvu nusu dakika. Tishu iliyolowa ndiyo inayosema. Ikiwa ni ya nyuma, kunja buti taratibu: ukikuta rodi, ile inayotoka kwenye pedali kusukuma pistoni, inang'aa kwa mafuta na ndani ya buti kuna tope la vumbi na mafuta, rabari ya nyuma imekwisha. Kwenye gari lenye busta ugonjwa huu hujificha, kwa sababu mafuta huingia ndani ya busta na nje hakuna hata tone. Kopo linapungua na hakuna anayejua yanakwenda wapi. Legeza nati mbili za masta, ivute mbele kidogo bila kuumiza mabomba, upitishe tishu nyuma yake.

Kuna uvujaji mwingine usiolowesha kitu. Pedali inashika vizuri, lakini ukiweka mguu bila kuongeza nguvu inazama polepole. Hapo rabari ya presha, ile ya pistoni inayosukuma mafuta, inayaachia yarudi nyuma yake. Usibane hozi za waya kwa koleo ili kupima, utazivunja ndani na tatizo litakuwa mawili. Fungua bomba la kutokea, ziba tundu kwa plagi ya uzi uleule, toa upepo (hewa iliyonaswa kwenye mafuta) hapo kwenye plagi, kisha kanyaga. Masta ikiwa haina hitilafu, pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Ikizama, mwizi umempata.

Kabla ya kununua chochote soma namba iliyochorwa kwenye mwili wa masta: 0.625, 0.70 au 0.75. Huo ni upana wa silinda kwa inchi, na lazima masta mpya au seti ya rabari ifanane nao. Aliyeweka 0.625 mahali pa 0.75 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani amepandisha presha kwa asilimia 44 kwa nguvu ileile ya mguu, na mwendo wa pedali umeongezeka kwa kiwango hichohicho. Isitoshe, ameharibu mgawanyo wa mbele na nyuma wakati masta ya pili imebaki ya zamani.

Andaa spana ya nati za mabomba (ile inayokumbatia nati pande zote, kwani spana ya kawaida huzila kona), plaizi ya siklipu (pete ya chuma inayozuia pistoni isitoke), bomba la sindano, washa mpya za shaba, grisi nyekundu ya mpira na lita moja ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa. Chupa iliyokaa wazi imekwisha kunywa unyevu. Kwa viwango, DOT 4 kavu huchemka kuanzia 230°C, lakini ikishalowa inaruhusiwa kushuka hadi 155, joto ambalo kalipa za mashindano, zile zinazobana diski za breki, hulifikia bila shida. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni. Funika rangi ya gari, maana mafuta haya huibandua. Yakimwagika, osha kwa maji mara moja.

Nyonya mafuta ya kopo kwa bomba la sindano. Pima urefu wa kila rodi, uuandike, na uhesabu nyuzi zilizobaki nje ya balansi. Dakika mbili hizi zitakuokolea saa nzima baadaye. Fungua bomba, ziba ncha zake, toa masta.

Mezani, sukuma pistoni ndani kidogo kwa kijiti, toa siklipu, kisha iachie taratibu maana springi inasukuma. Kwenye masta ya pistoni mbili kuna skrubu ndogo ya kuzuia pembeni au chini. Isipotolewa kwanza, huku pistoni ikiwa imesukumwa ndani, pistoni ya pili haitoki hata ukiigonga siku nzima. Panga kila kitu kwenye kitambaa safi kwa mfuatano kilivyotoka na uangalie midomo ya rabari inaelekea wapi. Mdomo wa rabari ya presha hutazama kule mafuta yanakosukumwa. Ukiirudisha kinyume, hupati breki kabisa.

Osha kwa mafuta mapya ya breki au spiriti yake. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ni marufuku: rabari hizi ni za EPDM, zikigusana na mafuta ya aina hiyo huvimba. Ukikuta zimevimba na kulainika tangu mwanzo, kuna mtu alijaza oili ya injini au ya gia kwenye kopo. Hapo masta peke yake haitoshi, ni rabari zote hadi za kalipa pamoja na hozi, na mabomba yaoshwe.

Sasa ndani ya silinda. Elekeza tochi, pitisha ukucha kwa kuzunguka. Doa la kahawia linalofutika si kitu. Mkwaruzo wa urefu unaonasa ukucha, hata mmoja, ni mfereji wa mafuta, na rabari mpya hazitauziba. Usipige msasa silinda ya alumini. Ngozi ngumu ya juu ikiondoka, chuma laini kinachobaki kinalika haraka. Kwa gari la mashindano, silinda iliyokwaruzika hutupwa tu.

Kabla hujaitupa, isome. Mikwaruzo ikiwa upande mmoja tu, rodi ilikuwa inasukuma kwa mshazari. Rodi inatakiwa kunyooka na silinda pedali ikiwa katikati ya mwendo, isipinde zaidi ya digrii 5 upande wowote. Kagua balansi pia. Ukikanyaga kwa nguvu inatakiwa ikae karibu mraba na rodi zote mbili. Ikilala upande mmoja, masta ya upande huo inaliwa. Mikwaruzo ya kuzunguka yote pamoja na buti iliyochanika ni vumbi. Vumbi laini la Safari Rally kule Naivasha, lile wanaloliita fesh-fesh, hupita mahali ambapo maji hayapiti, kwa hiyo buti yenye ufa hubadilishwa kabla ya mashindano, hata kama haivuji kitu.

Sababu nyingine huwachanganya wengi: masta ilikuwa nzima, mkatoa upepo jana, leo inavuja. Kazini rabari hutembea sehemu fupi tu ya silinda. Unapotoa upepo kwa kukanyaga hadi sakafuni unaipeleka sehemu ambayo haijaguswa kwa miaka, penye kutu na uchafu, na midomo inachanika. Weka kipande cha mbao chini ya pedali kuizuia.

Kurudisha ni kwa utulivu. Lowesha rabari na silinda kwa mafuta mapya ya breki, ingiza mdomo kwa kuzungusha, bila bisibisi. Siklipu ikishakaa izungushe kidogo kwa ncha ya plaizi. Ikizunguka bila kuchomoka, imeingia kwenye mfereji wake. Paka grisi nyekundu kidogo kwenye ncha ya rodi na ndani ya buti. Kisha bana masta kwenye jiliwa kwa masikio yake, kamwe si kwa mwili. Unganisha bomba la plastiki angavu kutoka tundu la kutokea hadi ndani ya kopo, ncha yake izame kwenye mafuta, na usukume polepole hadi povu liishe.

Ukifunga kwenye gari, angalia uzi. M10x1 na 3/8 UNF ya nyuzi 24 zinafanana kwa macho, na moja huingia kwenye nyingine mizunguko miwili mitatu kabla ya kukwama. Anza kila nati kwa vidole. Ikigoma mapema, simama. Nati za bomba za M10x1 hukazwa takriban Nm 15.

Acha rodi iwe na uhuru wa kama milimita 1 kabla haijagusa pistoni. Bila huo, kitundu kidogo cha kurudishia mafuta koponi hubaki kimezibwa. Breki zinapopata joto mafuta yanatanuka, hayana pa kurudi, na magurudumu yanaanza kujibana yenyewe. Upimaji wake ni rahisi: fungua kopo, mwenzako aguse pedali kwa mkono. Mwanzoni kabisa mwa mwendo uone kachemchemi kadogo kakiruka juu ya mafuta. Kasipoonekana, punguza urefu wa rodi.

Kutoa upepo kwenye mfumo wa masta mbili kunahitaji watu watatu: mmoja kwenye pedali, mmoja kwenye nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya mbele, mmoja ya nyuma, na nipo hizo mbili zifunguliwe kwa pamoja. Ukifungua moja tu, balansi inalala, masta moja inafanya kazi nusu, na upepo unabaki huku mkidhani mmemaliza. Anzeni na magurudumu ya mbali, na kopo lisishuke chini ya nusu.

Mwisho rudisha tishu zile tatu, kanyaga kwa nguvu zote dakika nzima, kisha ziache hadi asubuhi. Zikiwa kavu, toa gari taratibu mahali patupu na usikilize ni magurudumu yapi yanafunga kwanza. Ya nyuma yakitangulia, geuza balansi kuelekea mbele kabla ya kuongeza mwendo. Baada ya mizunguko ya kwanza ya kasi, breki zikishapoa, gusa tena kila nati kwa spana.