Kuutoa mwongozo wako kwa leseni huria: hatua kwa hatua

Maelezo haya nimeyaandika baada ya kumsaidia mwenzangu kuutoa hadharani mwongozo wake wa mafunzo ili wengine waweze kuunakili, kuurekebisha na kuufasiri.

Hatua ya 1: Andika kwa maandishi matupu, kwa mtindo wa Markdown (alama chache rahisi za vichwa na orodha), na uhifadhi kazi kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la faili. Kila sentensi ipewe mstari wake, kwa kuwa Git hulinganisha mstari kwa mstari. Ukijaza aya nzima kwenye mstari mmoja, koma moja iliyosahihishwa itaonekana kama aya yote imebadilika.

Hatua ya 2: Chagua leseni. Mimi hupendelea CC BY-SA 4.0, mojawapo ya leseni za shirika la Creative Commons, inayomtaka mtumiaji amtaje mwandishi, aeleze alichobadilisha, na kazi itakayotokana nayo aitoe kwa masharti yaleyale. Wikipedia nayo imeitumia tangu 2023, hivyo aya zake zinaweza kuingia kwenye mwongozo wako bila mgongano. Wengi huongeza herufi NC, yaani sharti la kukataza matumizi ya kibiashara, wakidhani wanajikinga na wafanyabiashara, kumbe wanajifungia mlango wenyewe: maandishi yenye NC hayachanganyiki na yenye BY-SA yakawa kazi moja, na Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, haipokei picha za aina hiyo.

Picha ndizo zilizotukesha usiku tatu. Kadhaa zilikuwa na NC, na mbili hazikuwa na leseni yoyote. Picha isiyo na leseni si mali ya umma, kwani hakimiliki huwapo hata isipotangazwa. Hizo mbili tulizichora upya. Tangu siku ya kwanza, basi, weka jedwali lenye jina la faili, mwenye picha, anwani ilikotoka na leseni yake. Kulijaza baadaye ni kutafuta kila picha upya. Kama uliandika ukiwa kazini, pata kwanza ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, maana leseni za Creative Commons hazibatilishwi: unaweza kuacha kuigawa kazi, lakini aliyekwisha kuipata atabaki na haki yake. Vipande vya programu vipe leseni ya programu, kama MIT au GPL. Creative Commons wenyewe hawashauri leseni zao zitumike huko.

Hatua ya 3: Ongeza faili la README, linalomweleza msomaji kazi hii ni nini, na lenye matini kamili ya leseni, kisha pandisha kazi mtandaoni.

Hatua ya 4: Pokea masahihisho kwa maombi ya kuunganisha (pull request), ambapo mtu hupendekeza badiliko nawe ukalikubali au kulikataa, si kwa baruapepe, ili sababu ya kila badiliko ibaki kando yake. Sahihisho la kwanza tulilopokea lilihusu jina la mpiga picha, ambalo sisi wawili tulikuwa tumelikosea kwenye jedwali.